Mjukuu Wangu Hahesabu Tena Tangu Mwewe Achukue Kifaranga

Mpendwa Mshauri Karwirwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, na kabla sijaeleza kilichonileta kwako naomba msaada wa namna mbili, kwanza wa ushauri na pili wa kutonicheka, maana mimi ni mzee wa kanisa, nimesomea chuo cha theolojia, nimewafundisha vijana wengi wa hapa Manyatta mafundisho ya kipaimara na sikumbuki kushindwa na mwanafunzi yeyote, isipokuwa sasa nimeshindwa na msichana wa miaka minne ambaye bado huvaa kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia.

Huyo ni mjukuu wangu Igoki. Mama yake, binti yetu Ruguru, ameajiriwa Nairobi, na mtoto anaishi nasi, mimi na mke wangu Wambeti. Mwezi wa kwanza ataingia chekechea, na Ruguru aliniomba nimfundishe herufi na nambari hapa nyumbani ili asifike darasani mikono mitupu, nami nilikubali kwa moyo mweupe kwa kuwa nilidhani kazi yenyewe ni nyepesi, nikamketisha kitini sebuleni, nikasimama mbele yake na fimbo ya kuelekezea, nikasema A naye aseme A, nikasema B naye aseme B, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha wengine, lakini tulipofika F alikuwa amelala, na kesho yake nilipomwita alikuwa amejificha kwenye zizi la ndama, na ndama ndiye aliyemtoa mafichoni kwa kumlamba sikio hadi akacheka.

Nilimlalamikia Ruguru kwa simu. Akaniambia, "Baba, huyo si mtu wa kipaimara. Cheza na yeye kwanza. Watoto wa siku hizi wanasoma wakicheza."

"Nicheze?" nikamwuliza. "Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Kwani hukuwahi kuwa mtoto?"

Sikulipenda jibu hilo, lakini nililitafakari na kuliombea, na asubuhi nikachota majivu jikoni nikachora herufi kubwa kubwa uani, nikamwambia Igoki kwamba nikitamka sauti ya herufi yeye airukie, na Mshauri, mtoto yule aliruka kama ndama aliyefunguliwa, kisha akasema, "Guka, sasa wewe," na kwa kuwa babu anayeitwa Guka kwa sauti ile hana nguvu za kukataa, nilikunja suruali nikaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye M, na wakati uo huo akaingia langoni Mzee Runji, katibu wa baraza letu la kanisa, na mkoba wake kwapani. Alisimama akanitazama kwa utulivu mkubwa.

"Mzee," akauliza, "kuna nyoka?"

Nikamjibu kwamba si nyoka, ni alfabeti.

"Basi nitarudi ukishaiua," akasema, akaondoka.

Nilivumilia aibu hiyo kwa sababu matunda yake niliyaona. Wambeti alipokanda unga wa chapati alimkatia Igoki donge lake, naye akalivingirisha akaunda I, akaunda O, akaunda G yenye tumbo kubwa, tukazikaanga, na jioni hiyo mtoto alikula jina lake lote kwa chai. Nambari nazo tulizifanya kwa makadamia tulizookota shambani, moja ndani ya kopo, mbili ndani ya kopo, na ilifika mahali ambapo hakuna kifungo cha shati langu wala kiazi cha jikoni kilichopita bila kuhesabiwa, nami nikaanza kujiona mwalimu, na hapo ndipo kiburi kilipoingia.

Kuku wetu aliangua vifaranga. Nikamwambia Igoki, "Hebu tuhesabie." Akanyoosha kidole akaanza, moja, mbili, tatu, na Wambeti akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

Wasomaji wako wa mbali pengine hawajui, lakini huku kwetu Embu na Mbeere, na naamini hata kwenu Meru, watu wa zamani hawakuhesabu kitu chenye pumzi, si mtoto, si mbuzi, si kuku, maana waliamini kwamba ukiunyooshea uhai kidole ukautajia idadi unaualika upungue. Mke wangu alizaliwa upande wa Kiritiri kwenye mbuzi wengi, na ingawa yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama na huhesabu sahani na viti vya harusi bila kupoteza hata kijiko, tangu tufunge ndoa sijamsikia akitaja idadi ya watoto aliozaa. Ukimwuliza atakutajia majina yao, na kama una haja ya jumla utaifanya mwenyewe.

"Mzee," akasema, "sasa unafundisha mtoto kuhesabu viumbe kama viazi vya gunia?"

"Mama Ruguru, hizo ni mila za giza. Bwana alituweka huru."

"Alikuweka huru wewe. Kifaranga alimwambia?"

Mimi nikacheka, Igoki naye akacheka kwa sababu mimi nimecheka, na ili nihitimishe hoja yangu kwa ushahidi nikamwambia mtoto atuhesabu na sisi. Akatuhesabu kwa kidole: "Cucu moja, Guka mbili, mimi tatu." Wambeti, ambaye ndiye Cucu, alirudi jikoni na mwiko wake.

Kesho yake mwewe alishuka. Tulikuwa ndani tukinywa chai, tukasikia kuku akipiga mayowe, na tulipotoka kilichobaki ni vumbi na manyoya, na Igoki akalitazama kundi mara moja tu akasema, "Yule wa shingo nyeusi hayuko." Wambeti akageuka, akanitazama mimi wala si mtoto, akasema, "Si nilisema?"

Maneno mawili tu, Mshauri. Lakini mtoto aliyasikia.

Tangu siku hiyo Igoki ameficha vidole vyake ndani ya mikono ya sweta. Makadamia hazigusi. Mama yake alipompigia simu na kumwuliza ana miaka mingapi, alinirudishia simu kana kwamba imemchoma. Jumapili iliyopita mwalimu wao wa shule ya Jumapili, Sheila, msichana mpole kabisa, alipita akiwagusa watoto vichwani ili ajue biskuti ngapi zitatosha, na alipomfikia Igoki mtoto alipiga kelele, "Usinihesabu!" akaingia chini ya benchi, na ilibidi nimfuate huko nikiwa na kanzu yangu ya ibada. Na juzi, tukiwa tunakamua ng'ombe, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama:

"Guka, na wewe nilikuhesabu. Mwewe wako atakuja lini?"

Nimezika watu wengi na kuwafariji wafiwa wengi, lakini mbele ya swali hilo nilitazama ndoo ya maziwa.

Nimejaribu kumhubiria, akaniitikia "Amina" akaenda zake na vidole vyake vimefichwa. Nilifungua Maandiko nitafute silaha ya kumshinda mke wangu, na mahali nilipofungua nikakutana na yule mfalme aliyewahesabu watu wake na tauni ikafuata, nikafunga haraka kabla Wambeti hajaona ninasoma wapi. Yeye naye ananipa chai na nduma za kuchemsha kama kawaida, lakini anaziweka mezani kama mtu anayelipa ushuru. Ruguru amepata habari, na amesema akija Krismasi akamkuta mtoto katika hali hiyo, na sisi katika hali hii, atamchukua aende naye Nairobi akalelewe na mtu wa kuajiriwa, na mimi siwezi kuieleza nyumba hii bila yule mtoto, maana hata ndama angeuliza.

Sasa naomba uniambie: nimwamuru Wambeti ayakane maneno yake mbele ya mtoto? Niiache michezo nirudie kiti na fimbo? Au ninyamaze, nimwachie mwalimu wa chekechea mzigo huu?

Ni mimi, babu aliyeshindwa. (Tafadhali usinitaje jina.)

*

Mzee wetu wa Manyatta,

Jina lako sijalitaja. Lakini wewe umemtaja mkeo, binti yako, mjukuu wako, mwalimu Sheila na Mzee Runji pamoja na mkoba wake, kwa hivyo nadhani tusiokujua tumebaki sisi watu wa huku Maua peke yetu. Uliomba pia nisikucheke. Hapo nimeshindwa, ila nilicheka nikiwa nimesimama, kwa heshima.

Nilifundisha chekechea mpaka magoti yalipokataa viti vidogo, na nakwambia kwamba ile siku uliyoruka kwa mguu mmoja hadi kwenye M ulikuwa mwalimu kuliko siku zako zote za fimbo. Hiyo fimbo ipeleke kwenye maharagwe yanayotambaa, itakuwa na kazi huko. Majivu yaendelee, chapati ziendelee. Mwanzishie herufi za jina lake na za majina ya watu anaowapenda, umtamkie sauti inayotoka kinywani kabla ya jina la herufi, na uache mchezo akiwa bado anautaka. Muda wa chai kuchemka unamtosha mtoto wa miaka minne. Wewe ulitaka muda wa mahubiri.

Sasa keti, maana nitakukemea, na umri wako hautakusaidia.

Unaniuliza habari za nambari, kana kwamba mtoto ameugua ugonjwa wa nambari. Mjukuu wako haogopi nambari hata kidogo. Mjukuu wako anaamini ameua. Anaamini kidole chake kidogo kilimwita mwewe, na kwamba amekwisha kuwauza babu yake na nyanya yake kwa kidole hicho hicho, na sasa anawasubiri mfe. Mzigo huo ameubeba peke yake ndani ya sweta, huku ninyi wawili mkishindana nani alikuwa sahihi. Ulipomwambia awahesabu ninyi baada ya mkeo kukataza, hukuwa unafundisha hesabu. Ulikuwa unashinda mabishano, na ulimtumia mtoto kama fimbo. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwonea huruma Wambeti, nikakuta tu mahali ulipomficha ukurasa.

Nawe Mama Wambeti, najua unaisoma hii juu ya bega lake. Nakuheshimu, na desturi yako naijua, kwa kuwa mama yangu pia alitutaja kwa majina hadi akaingia kaburini bila kusema tulikuwa wangapi. Lakini "Si nilisema?" uliirusha kwa mume ikampiga mtoto. Mume ana ngozi ngumu, angekuwa amepona kufikia jioni. Mtoto hajapona.

Kwa hivyo, Mzee, hapana, usimwamuru mkeo lolote. Mwombe radhi. Ulimcheka mbele ya mtoto, basi mwombe radhi mbele ya mtoto, kwa maneno machache, bila kunukuu andiko lolote. Ukishamaliza, nyamaza, umwachie yeye nafasi. Ni yeye anayepaswa kumwambia Igoki kwamba si kidole kilichomchukua kifaranga, ni mwewe, kwa sababu ni neno la Cucu lililomtia hofu na ni neno la Cucu litakalomtoa. Lako wewe ameshaliitikia "Amina" akaenda zake.

Halafu kuna jambo ambalo linanishangaza kwamba nyote wawili mmelipita. Mmegombana juu ya mila, mmegombana juu ya Maandiko, simu zimepigwa mpaka Nairobi, na katika barua ndefu namna hii sijaona mtu hata mmoja aliyefunika vifaranga! Mwewe hana habari na hesabu zenu. Yeye alikuta mlango wazi na wenye nyumba wanakunywa chai. Leo hii, kabla hujajibu barua yoyote ya baraza la kanisa, suka tenga la kufunikia vifaranga, na Igoki akushikie fito. Mtoto anayeamini mikono yake imeua anahitaji kuiona ikilinda.

Tenga likiwa tayari, hapo ndipo masomo yatakaporudi, wala hamtayaita masomo. Umeandika kama jambo la kupita tu kwamba Igoki alilitazama kundi mara moja akajua wa shingo nyeusi hayuko. Mwalimu mzima umeliona hilo ukaendelea na habari ya mkeo! Huyo mtoto anawajua mmoja mmoja. Basi jioni, vifaranga wakiingizwa, yeye na Cucu wawaite kwa sura zao, yule wa madoadoa, yule mchelewaji, yule anayependa kukanyaga wenzake, na kila anayeingia, Igoki atie makadamia moja ndani ya kopo. Kidole hakimwelekei mtu wala kuku. Asubuhi, kila anayetoka, makadamia moja itoke. Ikibaki moja ndani ya kopo, basi kuna mwenzetu hatumwoni, twendeni tukamtafute nyuma ya jiko. Siku atakapotaka kujua kopo lina makadamia ngapi, na siku hiyo itakuja yenyewe, azimwage azihesabu, akiigusa kila moja anapoitaja. Makadamia hazina pumzi. Mama Wambeti hatakuwa na neno, na kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina, awe ndiye mtunza kopo.

Na kwa kuwa najua utataka kuliunga jambo hili na imani, chukua hili. Yule mfalme uliyemfungia kurasa aliwahesabu watu ajivunie wingi wao. Lakini kuna mchungaji aliyeacha kundi zima akamfuata kondoo mmoja, na naomba uniambie alijuaje kwamba mmoja hayupo. Mfalme alihesabu ajisifu, mchungaji alihesabu atafute. Wazee wetu walikataa ile ya mfalme, na mkeo yuko sawa. Mfundishe mtoto ile ya mchungaji, na wewe pia utakuwa sawa. Mahubiri hayo nakupa, yatumie Jumapili yoyote, ila usiyatumie kwa Igoki.

Yeye alikuuliza swali fupi na anastahili jibu fupi. Akikuuliza tena mwewe wako atakuja lini, iweke ndoo chini, umwangalie, umwambie, "Mwewe hatafuti waliohesabiwa. Hutafuta wasiofunikwa. Sisi tunafunikana." Kisha endelea kukamua, na umpe kikombe akushikie.

Kumwachia mwalimu wa chekechea mzigo huu nakukataza. Yeye atamkuta mtoto anayelia akiitwa kwenye orodha ya darasa, na hatajua mambo ya kifaranga. Mwambie Sheila pia, ili biskuti azigawe kwa kumpa kila mtoto yake mkononi, maana biskuti hazihitaji vichwa kuguswa.

Ruguru akifika Krismasi, msimsimamishe mtoto katikati ya sebule asome A mpaka Z na kuhesabu mpaka ishirini ili muonekane mmefanya kazi. Mama mtu atajua kwa kumwona vidole. Mpeni Igoki sahani apange mezani, aseme mwenyewe, hii ya Cucu, hii ya Guka, hii ya Mama, hii yangu. Atakuwa amewahesabu wote waliomo nyumbani, na wote mtakuwa hai mkisubiri pilau. Na akiweka kisosi cha ziada kwa ajili ya kifaranga wa shingo nyeusi, kiacheni hapo hapo mezani. Usikitolee mafundisho, Mzee wetu. Omba, kisha mle.

Karwirwa